Mtangazaji wa Barafuni Aseme Nini?

Tarehe 15 Februari 2022, Kamila Valieva wa Urusi, binti wa miaka 15, aliingia uwanjani Beijing kuteleza programu yake fupi ya Olimpiki. Siku chache kabla, dunia ilikuwa imepata habari kwamba sampuli aliyotoa Desemba ilikutwa na trimetazidine, dawa ya moyo isiyoruhusiwa michezoni. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikataa kumzuia, na usiku ule akateleza. Kwenye NBC ya Marekani, Tara Lipinski na Johnny Weir, wachambuzi ambao si watu wa kukaukiwa na maneno, walikaa kimya karibu programu nzima. Watangazaji wa Korea Kusini nao wakaacha muziki ujiendee wenyewe.

Kila mtazamaji alielewa. Ukimya ule ulikuwa uamuzi, tena wa wazi kuliko hotuba. Lakini ulinifanya nitafakari jambo lingine. Malalamiko ya miaka nenda rudi dhidi ya watangazaji wa mchezo huu wa kuteleza kwenye barafu ni kwamba wanasema mno. Kama ndivyo, je, kinachotakiwa ni wanyamaze tu? Hapana. Wenye kulalamika hivyo ndio haohao wanaokasirika alama zikitoka na wao hawajui zimetoka wapi. Nionavyo, mtazamaji anataka kitu kimoja chenye sura mbili: aelezwe lile ambalo jicho lake haliwezi kuliona, na aachiwe lile analoliona mwenyewe.

Na yasiyoonekana ni mengi. Mtu aliyezoea mpira wa miguu anajua bao ni bao. Barafuni mtelezaji huruka, akatua vizuri, ukumbi ukalipuka kwa makofi, kisha alama zikaja chini. Sababu inaweza kuwa robo ya mzunguko. Mruko wa mizunguko mitatu hukaa hewani chini ya sekunde moja, na ndani ya muda huo jopo la ufundi linataka kujua kama mwili umekamilisha mzunguko kabla bapa la chuma la kiatu halijagusa barafu. Lutz ya mizunguko mitatu, kwa jedwali lililotumika miaka ya karibuni, ina thamani ya msingi ya 5.90. Ikipungua nusu mzunguko au zaidi, huhesabiwa kana kwamba ni ya mizunguko miwili, yaani 2.10. Alama karibu nne zimeyeyuka, na aliyekaa kwenye kochi nyumbani hakuona kosa lolote.

Tuichukue Lutz hiyohiyo pamoja na ndugu yake, flipu. Zote mbili huanza mtelezaji akienda kinyumenyume, zote husukumwa na meno ya mbele ya kiatu cha mguu wa pili. Tofauti iko chini kabisa. Kila bapa lina makali mawili, ya ndani na ya nje. Anayezunguka kinyume cha saa hurukia Lutz kutoka makali ya nje ya mguu wa kushoto, na flipu kutoka makali ya ndani ya mguu huohuo. Lutz ni ngumu zaidi kwa sababu mwili unatokea upande mmoja wa mkunjo na kutakiwa kuzungukia upande wa pili. Ndiyo maana wengi, dakika ya mwisho, huuacha mguu ulale ndani bila kukusudia. Majaji hukata. Mchambuzi mzuri hungoja picha za marudio, akasema: tazama kifundo cha kushoto, sasa hivi, kimelala ndani. Sentensi moja. Mtazamaji akishaonyeshwa mara tatu nne, ya tano ataiona mwenyewe kabla hajaambiwa.

Axel ni rahisi zaidi kufundisha, na inanishangaza kwamba kuna matangazo yanayokwisha jioni nzima bila mtu kuieleza. Kati ya miruko yote, ndiyo pekee ambayo mtelezaji huianza akitazama mbele. Kwa kuwa hutua akienda kinyumenyume kama kwenye miruko mingine, inamlazimu aongeze nusu mzunguko. Ilia Malinin wa Marekani alipokuwa mtu wa kwanza kutua Axel ya mizunguko minne mashindanoni, huko Lake Placid Septemba 2022, alizunguka mara nne na nusu. Ukishalijua hilo, hutaichanganya Axel na kitu kingine maishani mwako.

Basi, maneno yapo ya kusema. Tatizo ni wakati wa kuyasema. Sisi tuliolelewa na mpira wa redioni tumezoea mtangazaji asiyepumua, kwa kuwa redioni akinyamaza uwanja unatoweka. Kwenye televisheni picha ipo, na kwenye mchezo huu muziki nao ni sehemu ya kinachoshindaniwa: majaji hupima jinsi mtelezaji anavyoufuata. Kuongea juu yake ni kumfunika macho kidogo jaji aliye nyumbani. Tangu msimu wa 2014/15 kazi imekuwa ngumu zaidi, maana watelezaji wa peke yao na wa jozi wameruhusiwa kutumia nyimbo zenye maneno. Sasa mtangazaji asipoangalia, sauti yake inagombana na ya mwimbaji, na anayesikiliza hapati hata moja.

Programu ndefu huchukua dakika 4 hivi, kwa wanaume na kwa wanawake. Hazihitaji kujazwa. Kuna nafasi kabla ya muziki kuanza, kuna marudio baada yake, kuna dakika ile ndefu mtelezaji anapokaa na kocha wake kusubiri alama. Ted Barton wa Canada, ambaye mashabiki wanamjua kupitia matangazo ya mtandaoni ya mashindano ya vijana ya Grand Prix, alijijengea jina kwa mtindo huu: husema machache programu ikiendelea, halafu katika marudio hufundisha kwa upole, kana kwamba mtoto aliyeteleza na mama yake wote wanamsikia. Na pengine kweli wanamsikia. Barton ni miongoni mwa waliosaidia kuandaa mfumo wa alama unaotumika leo, kwa hiyo anayo ya kusema kuliko wengi. Hana haraka nayo.

Kuna wanaotaka upole huo huo kila mahali. Mimi siungi mkono moja kwa moja. Mashindano ya wakubwa ni mashindano ya wakubwa, na mtazamaji akiona programu mbovu inasifiwa kama nyingine zote, huacha kuamini sifa. Dick Button, aliyefariki Januari 2025 akiwa na miaka 95, hakuwa na tatizo hilo. Alikuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1948 na 1952, mtu wa kwanza kutua Axel ya mizunguko miwili mashindanoni na wa kwanza kutua mruko wowote wa mizunguko mitatu. Kisha kwa miongo kadhaa akawa sauti ya mchezo huu kwenye ABC, na mwaka 1981 akapewa tuzo ya Emmy kwa uchambuzi wake. Vidole vya mguu visivyonyooshwa vilimkera. Mzunguko wa papo hapo uliosambaa hovyo ulimkera zaidi. Alisema hivyo hewani, kwa bingwa na kwa mchanga. Wapo waliokasirika naye kila wiki na wakarudi wiki iliyofuata, maana alipomsifu mtu walijua sifa hiyo ina uzito.

Lipinski na Weir walipanda kwa njia kama hiyo. Sochi 2014, NBC iliwapa matangazo ya mchana ya moja kwa moja kwenye kituo chake kidogo cha kebo, huku kikosi kikuu cha Tom Hammond, Scott Hamilton na Sandra Bezic kikishika ya usiku. Wa mchana wakazungumziwa kuliko wa usiku, na msimu uliofuata kazi kuu ikawa yao, pamoja na mtangazaji Terry Gannon. Wenye kuwapenda husema wanasema kweli bila kupaka mafuta. Wasiowapenda husema ni wakali na wanajipenda. Nadhani pande zote mbili zinasikia kitu kilekile. Zinapotofautiana ni mahali ukali unapoelekezwa. Kusema mruko umepungua robo ni kazi. Kusema mtelezaji hana moyo wa ushindani ni kubuni, kwani hakuna kamera inayoonyesha moyo.

Weir mwenyewe alionja upande mbaya wa jambo hili. Alipokuwa bado akishindana, Vancouver 2010, watangazaji wawili wa kituo cha Kifaransa cha Canada walikejeli mavazi yake na jinsi anavyojibeba, wakafika hadi kuhoji uanaume wake. Baadaye waliomba radhi. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililomsaidia mtazamaji kuelewa alichokiona barafuni. Ni vivyo hivyo kwa mazungumzo ya uzito wa wasichana, ya nani ana uhusiano na nani, na ya machozi ya utotoni yanayosimuliwa katikati ya miruko. Majina ya watelezaji yatamkwe sawasawa pia. Hilo halihitaji aya nzima.

Hisia je? Nazo zinatakiwa, lakini kwa kiasi na kwa zamu yake. Torino 2006, Shizuka Arakawa wa Japani alitwaa dhahabu ya wanawake, ya kwanza kwa bara la Asia. Dhahabu ilipothibitika, mtangazaji wa NHK, Fujio Kariya, alitamka kwamba mungu wa kike wa Olimpiki ya Torino amembusu Arakawa. Wajapani wanaikumbuka sentensi hiyo hadi leo. Imedumu kwa kuwa ilingoja. Ingetamkwa juu ya muziki, ingekuwa kelele.

Arakawa anatukumbusha na jambo jingine. Kilele cha programu yake kilikuwa ule mtelezo uitwao Ina Bauer, kwa jina la mtelezaji wa Ujerumani: miguu inateleza sambamba, mmoja mbele na mwingine nyuma, naye akiwa amepinda mgongo nyuma hadi uso unatazama dari. Kwenye mfumo mpya wa alama, mtelezo huo haukuwa na thamani yoyote ya kiufundi. Aliuweka hata hivyo, na ndio watu waliobaki nao kichwani. Mchambuzi anayehesabu alama tu angeipita sekunde hiyo kimya, na safari hii ukimya wake ungekuwa wa mtu asiye na la kusema.

Mfumo huo mpya ulizaliwa na kashfa. Salt Lake City 2002, jaji wa Ufaransa Marie-Reine Le Gougne alidai ameshinikizwa katika mashindano ya jozi, na mwishowe zikatolewa dhahabu mbili, kwa jozi ya Urusi na kwa jozi ya Canada. Kipimo cha kale cha 6.0, ambacho hata bibi angeweza kukifuata, kikaachwa. Mahali pake pakaja thamani za msingi na alama za ubora, ambazo leo huenda kutoka -5 hadi +5, kila hatua ikiwa asilimia 10 ya thamani ya mruko. Hapo ndipo linapotoka swali ambalo kila mtangazaji huulizwa: aliyeanguka anamshindaje ambaye hakuanguka?

Hesabu si ngumu. Lutz ya mizunguko minne ni 11.50. Ukiikamilisha hewani ukaanguka, majaji wakakupa -5, unabaki na 5.75, toa alama moja ya anguko, 4.75. Mruko mwingine, tolupu, ukiwa safi na wa mizunguko mitatu, bila nyongeza, ni 4.20. Mtangazaji akilisema hilo mara moja mwanzoni mwa jioni, ameokoa ugomvi mwingi wa sebuleni. Tena siku hizi kona ya skrini huonyesha alama zikijikusanya, pamoja na visanduku vinavyogeuka njano jopo linapotaka kukagua mruko. Kuzisoma namba hizo kwa sauti ni kazi bure. Kueleza kwa nini kisanduku kimegeuka njano ndiyo kazi.

Lakini kuna nusu ya alama ambayo visanduku haviigusi, na hapo ndipo watangazaji karibu wote hutuangusha. Mashindano ya dunia ya 2013 huko London, Canada, Patrick Chan alianguka mara mbili kwenye programu ndefu na bado akawa bingwa. Denis Ten wa Kazakhstan alimpita kwenye programu hiyo, akamkosa kwa jumla kwa alama zisizofika mbili. Kilichombeba Chan, pamoja na programu fupi aliyokuwa ameitawala, ni vipengele: ustadi wa kuteleza, uwasilishaji, mpangilio wa programu. Chan alikuwa akivuka uwanja mzima kwa misukumo michache, goti likiwa limekunjwa sana, bapa likilala kwenye makali hadi mtu akadhani ataanguka. Hilo linaonekana ukielekezwa: hesabu misukumo, tazama kasi inavyobaki baada ya kugeuka. Badala yake husikika tu kwamba fulani anateleza vizuri.

Sehemu ya lawama si ya watangazaji. Mwongozaji wa matangazo ndiye anayechagua marudio, na yeye hupenda miruko na maanguko, huku kamera zikimkaribia mtelezaji usoni wakati miguu ndiyo inafanya kazi. Mchambuzi hawezi kueleza picha ambayo hakupewa. Anaweza kuiomba, kwa kuwa waya wa kuongea na chumba cha uongozaji anao masikioni, na Olimpiki ina jioni nyingi za kufanya hivyo.