Istilahi za Bunduki ya Shabaha

Neno bunduki ni jina la jumla. Mkazi wa Kidugala, mkoani Njombe, atakaye kujifunza kulenga shabaha hawezi kuchagua silaha ya kwanza kwa neno hilo pekee. Yafaa azipambanue aina nne:

Gobore: hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Kwa kawaida mtutu wake ni laini ndani, hivyo risasi hupotoka upesi. Haimfai mlenga shabaha anayeanza.

Bunduki ya marisau: hutoa vidonge vingi vinavyotawanyika. Hutumika kwa shabaha inayorushwa hewani.

Bunduki ya mifuo: ndiyo istilahi tunayopendekeza. Mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu huizungusha risasi ili iende sawasawa. Katika Michezo ya Olimpiki, ile ya kipenyo cha milimita 5.6 hutumika kwa masafa ya mita 50.

Bunduki ya upepo: husukuma kidonge cha milimita 4.5 kwa nguvu ya hewa. Iliingia Olimpiki mwaka 1984, kwa masafa ya mita 10. Haina baruti, wala haimpigi mlengaji begani kwa nguvu. Kwa hiyo ndiyo imfaayo anayeanza.

Hata hivyo, neno "upepo" lisimhadae mtu: kidonge hicho chaweza kupofua jicho. Aidha, silaha nchini Tanzania husimamiwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 2015. Mnunuzi na aulize Polisi kwanza, akiitaja aina kwa jina lake kamili.