Mar Ukva na Mkewe Ndani ya Tanuri

Sogeeni karibu, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina bwana mmoja, mkewe, na tanuri la mkate.

Yapata miaka 1,700 iliyopita, katika nchi ya Babeli, ambayo leo ndiyo Iraq, waliishi Wayahudi wengi, na wanazuoni wao walisifika mbali. Mmoja aliitwa Mar Ukva. Elimu alikuwa nayo, mali alikuwa nayo. Jirani yake alikuwa fukara. Basi kila siku Mar Ukva alipita pale kwa jirani, akatumbukiza zuz 4, yaani sarafu 4 za fedha, katika kitundu cha kizingiti pale mlango unapozungukia, kisha huyoo, akaenda zake. Na zuz 4 hazikuwa pesa za kununulia peremende. Kwa sheria ya Kiyahudi ya zama zile, mwenye akiba ya zuz 200 hakuruhusiwa tena kuchukua fungu la maskini.

Siku moja jirani akasema moyoni, leo sharti nimwone huyu anayenitendea wema. Akakaa chonjo. Na siku hiyo Mar Ukva alikuwa amechelewa kwenye nyumba ya masomo, mkewe akamfuata, wakawa wanarudi pamoja. Wakafika kizingitini, wanatia zile sarafu, mara mlango huo unasogea!

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mngesema, "Ni mimi, jirani, usijali"? Wenzenu walitimua mbio. Fikirieni bwana mzima mwenye heshima zake, na mkewe, wanakimbia kama wezi wa kuku, na jirani yuko nyuma yao. Mbele wakaona tanuri la mkate. Moto ulikuwa umekwisha kufagiliwa, lakini udongo bado una joto kali. Wakaingia humo humo.

Mar Ukva miguu ikaanza kumwungua. Mkewe hana habari, amesimama tu. Akamwambia, "Weka miguu yako juu ya yangu, mume wangu." Akaiweka, akapata nafuu, ila roho ikamwuma: mbona moto haumgusi mke wangu ila mimi? Mkewe akamweleza. Yeye hushinda nyumbani. Maskini akibisha hodi, anamkuta, anapewa chakula kilicho tayari, anakula papo hapo. Sarafu za mume ni nzuri, lakini mwenye njaa hawezi kuzitafuna: mpaka aende sokoni, anunue unga, akande, aoke.

Talmudi, kitabu kikubwa cha wanazuoni wa Kiyahudi ambamo kisa hiki kimo, inaeleza kwa nini watu wawili wenye akili zao walijitia kwenye tanuri. Hawakutaka jirani aaibike kwa kukutana uso kwa uso na anayemlisha. Kumwaibisha mtu, kwao wanazuoni wale, lilikuwa jambo zito kuliko kuungua. Mimi mkiniuliza, nampenda zaidi yule mama. Mumewe alilinda heshima ya jirani, naye alihakikisha maskini haondoki mlangoni na njaa.

Ukurasa ule ule wa Talmudi una Rabi Abba, aliyefunga pesa katika kitambaa akakitupa mgongoni, akawa anapita kati ya maskini ili wajichukulie bila yeye kuwaona. Una pia Hillel, mwanazuoni mkuu wa Yerusalemu. Alimpatia mtu wa ukoo mkubwa aliyefilisika farasi, na mtumishi wa kutangulia mbele yake. Siku moja mtumishi akakosekana. Hillel mwenyewe akakimbia mbele ya farasi maili 3. Najua mnawaza: maskini gani anahitaji farasi? Hata mimi linanisumbua. Lakini Hillel alitazama kile ambacho yule mtu alikuwa nacho akakipoteza, akamrudishia.

Karne 9 baada ya Mar Ukva alitokea Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi, aliyezaliwa Córdoba, Hispania, akahamia Fustat, karibu na Kairo, akafa mwaka 1204. Yeye alipanga kutoa katika ngazi 8. Ya chini kabisa ni kutoa huku umenuna. Sasa sikilizeni: wale wanaotupa pesa mlangoni kwa siri aliwaweka ngazi ya tatu kutoka juu! Pamoja na kuungua kote kule? Naam, kwa sababu Mar Ukva alijua anampa nani. Ngazi ya pili ni pale mtoaji na mpokeaji wote hawajuani, pesa zinapopitia mfuko wa jamii. Mfuko huo ulikuwa na taratibu zake: wakusanyaji walikuwa 2, wagawaji 3, asiwepo mtu wa kupendelea. Huko Fustat, katika ghala la sinagogi ya Ben Ezra, zimepatikana orodha za kale za watu waliogawiwa mikate kila Jumanne na Ijumaa, jina kwa jina, mjane huyu mikate kadhaa, kipofu yule kadhaa.

Na ngazi ya juu kabisa? Kumkopesha mtu, kushirikiana naye biashara au kumpatia kazi, ili kesho asihitaji kuja kwenye mfuko.

Desturi haijafa. Katika nyumba nyingi za Kiyahudi hadi leo kuna kisanduku cha sadaka, na watoto hutia sarafu humo Ijumaa kabla mama hajawasha mishumaa ya Sabato. Katika sikukuu yao ya Purimu kila mtu hutoa zawadi kwa maskini wasiopungua 2.

Naona mmoja wenu anataka kusema kwamba yeye hana kitu, kwa hiyo hayamhusu. Hoja hiyo bin Maimuni aliijibu zamani: hata maskini anayekula kutoka mfuko wa jamii anapaswa kutoa, japo kidogo, katika kile alichopewa.