Mota na Iamshwe kwa Upole

Kila mfanyakazi aliyepata kusimama kiwandani anaijua dalili hii: taa zafifia ghafla, mashine kubwa yanguruma, mikanda yapiga kelele, kisha taa zarudi kung'aa. Wengi wetu tumeizoea hali hiyo hata twaiona kuwa ni desturi ya umeme. Lakini mazoea si hoja. Kufifia kwa taa hizo ni taarifa kwamba mali ya kiwanda inaumizwa.

Mota ya kawaida ya viwandani, ikiunganishwa moja kwa moja na umeme hali imesimama, huvuta mkondo unaofika mara sita hadi nane ya ule inaouhitaji ikiwa kazini. Joto la nyaya huongezeka kwa kadiri ya mraba wa mkondo; basi mkondo ukiwa mara sita, joto huwa mara 36. Ndiyo sababu mota inayowashwa na kuzimwa ovyo huungua upesi, na mikanda, gia na beringi huchakaa kabla ya wakati wake.

Mafundi wametumia kwa miaka mingi njia ya nyota na pembetatu. Njia hiyo hupunguza mkondo wa kuanzia hata theluthi moja. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hubaki theluthi, na saa ya kubadili kutoka nyota kwenda pembetatu mtikiso hurudi tena.

Thairista, iliyotokea Marekani mwaka 1957, ndiyo iliyowezesha kuundwa kwa stata laini. Katika kila njia ya umeme huwekwa thairista mbili zilizogeuziana migongo, nazo hufungua umeme kidogo kidogo, volti zikapanda kwa sekunde kadhaa badala ya kuruka mara moja. Mota ikisha kushika mwendo wake, kontakta hujifunga na umeme hupita kando, thairista zisipate joto bure. Katika pampu za maji chombo hiki chaweza pia kuisimamisha mota polepole, ili maji yasirudi kwa kishindo na kupasua mabomba.

Hata hivyo hatupendi kuwadanganya wasomaji wetu. Volti zikiwa nusu, nguvu ya kuzungusha huwa robo tu. Kwa hiyo kinu kilichojaa mawe chaweza kukataa kuanza. Wala stata laini haibadili mwendo wa mota iliyo kazini, maana mizunguko ya umeme hubaki ile ile 50 kwa sekunde. Anayetaka kuongoza mwendo hana budi kutafuta chombo cha namna nyingine.

Na liko jambo lililo kubwa kuliko bei na mikanda, nalo ni uhai wa mfanyakazi. Stata laini iliyozimwa si swichi iliyokatwa. Thairista hupitisha umeme kidogo hata zikiwa zimefungwa, na ikiharibika yaweza kuupitisha wote. Mtu asitie mkono katika mashine kwa kuwa tu haizunguki. Swichi kuu ikatwe, ifungwe kwa kufuli, nyaya zipimwe, ndipo kazi ianze. Msimamizi anayemharakisha fundi aziruke hatua hizo hajengi uchumi, anachimba kaburi.

Taifa letu limejenga Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo ni jasho la wananchi, nao haukuzalishwa ili uunguze mota. Twawasihi mameneja wawasikilize mafundi kabla ya kununua vyombo, na twawasihi wafanyakazi wajifunze vyombo hivyo wasiviogope wala kuvidharau. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Neno hilo lawafaa watu, na kumbe lazifaa mashine pia.