Bima ya Afya na Mtoto Mwenye Usonji: Sheria Ilipie Nini?

Tuseme kwamba katika kata ya Likunja, wilayani Ruangwa, yupo mtoto wa miaka 4 asiyesema. Aitwapo jina hageuki. Kutwa hupanga korosho mstari mmoja, na mtu akiuvuruga mstari huo mtoto hulia kwa muda mrefu. Wazazi wake ni wakulima, nao wamekwisha kulipa mchango wa bima ya afya. Je, kadi yao itamlipia nini mtoto huyu?

Swali hili laonekana jepesi, lakini limewagawanya hata watu ambao wote hujitambulisha kuwa watetezi wa wenye usonji. Makala hii yakusudia kueleza sababu za mgawanyiko huo, na jinsi unavyotuhusu sisi.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza utotoni. Mwenye usonji hupata shida katika kuwasiliana na kuchangamana na wenzake. Hupenda kurudia matendo yale yale, na huenda akasumbuliwa mno na sauti, mwanga au mguso. Leo Kanner, daktari wa watoto na magonjwa ya akili mjini Baltimore, Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1943 kutokana na watoto 11 aliowachunguza. Shirika la Afya Duniani hukisia kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa kisio hilo, katika kila watoto 600 tungetazamia kuwakuta 4 au 5.

Chanzo kikubwa ni urithi. Chanjo hazisababishi usonji, wala malezi mabaya, wala laana. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wakikua vizuri hadi walipougua malaria kali. Dalili zilianza walipopona. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha kwamba malaria ndiyo chanzo, lakini yatosha kutuonyesha kuwa swali hili linastahili kuchunguzwa hapa kwetu.

Hakuna dawa iondoayo usonji. Kinachosaidia ni mafunzo ya muda mrefu: kumfundisha mtoto kueleza haja zake, kuvaa, kula na kucheza na wenzake. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Bima ya afya ilibuniwa kwa ajili ya maradhi yanayoanza, yakatibiwa, yakaisha. Je, mafunzo ya miaka mingi ni tiba, au ni elimu?

Mabishano ya Marekani

Nchini Marekani, makampuni ya bima yalikuwa yakijibu kwamba hayo ni elimu, na kukataa kulipa. Wazazi wakayapeleka malalamiko yao kwenye mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo. Jimbo la South Carolina lilipitisha sheria yake mwaka 2007, iliyoyataka baadhi ya makampuni kulipia mafunzo ya tabia hadi dola 50,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, mwisho umri wa miaka 16. Chama cha Autism Speaks, kilichoanzishwa mwaka 2005, kiliongoza kampeni ya namna hiyo katika majimbo mengi.

Msingi wa kampeni hizo ulikuwa ni utafiti uliochapishwa mwaka 1987 na Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California. Watoto 19 walifundishwa saa 40 kwa juma kwa miaka 2 au zaidi, na 9 kati yao waliweza kuendelea katika madarasa ya kawaida. Wakosoaji walionyesha kwamba watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa kura, na kwamba adhabu nazo zilitumika katika mafunzo.

Wapinzani wakubwa walitoka miongoni mwa watu wazima wenye usonji wenyewe. Mwaka 2006 waliunda chama chao, Autistic Self Advocacy Network. Walisema kwamba mafunzo hayo mara nyingi hulenga kumfanya mtoto aonekane kama wengine, badala ya kumwezesha kuishi vema jinsi alivyo. Tena, sheria zenye kikomo cha umri huwasahau watu wazima, ambao huhitaji makazi, kazi na njia za kuwasiliana. Wengine walitoa hoja ya usawa: waajiri wanaogharamia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wao hawafungwi na sheria hizo za majimbo, basi familia nyingi ziliachwa nje.

Wazazi walikuwa na jibu zito: mtoto wao anakua leo, wala hawezi kungojea sheria iliyo kamili. Kila upande ulikuwa na haki fulani.

Tukirudi Likunja

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, inayomtaka kila mkazi awe na bima. Huduma zinazolipiwa huorodheshwa katika kitita cha mafao. Basi swali la Marekani ni letu pia: kitita kitaje nini?

Tuanze na hesabu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, yaani shilingi 5,000 kwa kila mtu. Mafunzo ya saa 40 kwa juma ni zaidi ya saa 2,000 kwa mwaka. Hakuna mfuko wa kiasi hicho uwezao kuyabeba.

La pili ni umbali. Kutoka Ruangwa hadi Hospitali ya Muhimbili ni mamia ya kilometa. Kadi inayolipia huduma ya bingwa, lakini si nauli wala malazi, humfaa mkazi wa Dar es Salaam kuliko mkulima wa Likunja, ingawa sheria ni moja.

Iko njia nyingine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya stadi kwa walezi, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Yaweza kuongozwa na watu wasio mabingwa, kama vile mwalimu au mhudumu wa afya aliyeandaliwa. Kitita kikiyataja mafunzo ya namna hii, pesa zitamfuata mtoto alipo. Lakini bado itabaki kazi isiyo ya bima: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu ya kusoma, na haki hiyo hutekelezwa darasani.

Kwa hiyo, msomaji asikiapo kwamba sheria fulani "inawahudumia wenye usonji", aulize mambo manne: inalipia huduma gani, itolewe na nani, hadi umri gani, na je, wenye usonji wenyewe waliulizwa? Mwalimu naye ana jambo la kufanya hata kabla ya kitita kubadilika. Mtoto asiyeitika jina lake asihesabiwe kuwa mkaidi. Kwanza apelekwe kupimwa masikio. Kisha atafutiwe njia ya kusema anachotaka, hata kama ni kwa picha.