Mwamba, Ziwa na Reli: Jiografia na Historia ya Viwanda katika Jiji la Mwanza

Utangulizi

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya jiografia ya Mwanza na historia ya viwanda vyake. Hoja kuu ni kwamba sura ya jiji hilo imetokana na uhaba wa ardhi tambarare ufukweni. Pamba na samaki, kila kimoja kwa wakati wake, vilihitaji ukanda huohuo mwembamba, na wakazi wengi wa kipato cha chini wakaachiwa milima.

Mazingira ya kijiografia

Mwanza iko kusini mwa Ziwa Viktoria, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya ghuba yenye jina hilohilo. Vilima vyake ni vya mawe ya itale, yaliyorundikana hadi majini. Jiwe la Bismarck ndilo mfano unaofahamika zaidi. Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kuingia ziwani. Tofauti na Jinja, iliyopata umeme wa Owen Falls mwaka 1954, Mwanza haikuwa na maporomoko ya kuendesha viwanda. Nguvu yake ilikuwa usafirishaji.

Kipindi cha pamba

Wajerumani waliweka kituo cha utawala Mwanza mwaka 1892. Pamba ya Usukumani ilipoanza kuuzwa nje, njia yake haikuelekea Dar es Salaam. Kwa kuwa Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, marobota yalivushwa kwa meli hadi huko, kisha yakapelekwa Mombasa. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji uligeuka kuwa makutano ya meli na treni. Mwaka 1955 wakulima waliunganisha vyama vyao katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na ushirika ukaingia katika uchambuaji wa pamba. Baada ya uhuru, kiwanda cha nguo cha Mwatex kiliongeza hatua ya kusokota na kufuma.

Kipindi cha sangara

Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaenea sana katika miaka ya 1980, huku aina nyingi za furu zikitoweka. Katika miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata samaki vilijengwa ufukweni. Minofu ilisafirishwa Ulaya. Mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yaliuzwa kwa wenyeji. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo kwa vipindi kadhaa kati ya 1997 na 1999, ilidhihirika kwamba ajira za ufukweni zilitegemea maamuzi yaliyofanywa mbali na ziwa.

Hitimisho

Bidhaa zilibadilika, lakini mgawanyo wa ardhi haukubadilika. Bandari, reli na viwanda vilishika tambarare. Makazi yasiyopimwa, kama ya Igogo na Mabatini, yakapanda miambani, ambako barabara, maji na mifereji ni vigumu kufikishwa. Mvua huteremsha taka za vilimani hadi Mirongo, na Mirongo huzifikisha katika ziwa lilelile linalolisha viwanda. Kwa hiyo, mipango ya viwanda vya Mwanza haiwezi kutenganishwa na mipango ya makazi ya wanaovifanyia kazi.