Masisi na Walikale: Vita inapoandikwa sifuri kwenye karatasi ya pointi

Tarehe 19 mwezi wa tatu 2025, waasi wa M23 waliingia Walikale-centre. Wakaaji wengi walikimbilia porini na katika vijiji vya mbali. Mwanzoni mwa mwezi wa ine waasi waliondoka, na watu wakaanza kurudi kuangalia nini kimebaki ndani ya nyumba zao. Katika majuma hayohayo, mjini Goma, ambao ulikuwa mikononi mwa kundi hilohilo tangu mwisho wa mwezi wa kwanza, vyuo vikuu vilikuwa vinafungua tena milango kidogo kidogo. Mwalimu anaingia, orodha ya wanafunzi inapita kutoka meza moja hadi nyingine, na kijana aliyerudi kwao Walikale kutafuta minervali hayupo. Kwenye orodha kuna nafasi ya jina na nafasi ya sahihi. Nafasi ya kueleza sababu hakuna.

Miezi inapita, mitihani inafanyika, na pale ambapo pointi zake zingeandikwa kunabaki pengo. Siku ya kujumlisha, pengo hesabu yake ni sawa na sifuri. Karatasi haionyeshi tofauti kati ya mwanafunzi aliyeshindwa takwimu na mwanafunzi aliyefungiwa njia na vita.

Kwa wengi wa Masisi na Walikale wanaosoma Goma, hilo ndilo swali kubwa wanaposikia juri linatangaza matokeo. Nalo limekuwa gumu zaidi tangu nchi ilipobadilisha sheria za kupanda darasa.

Zamani, katika mfumo wa graduati miaka mitatu na lisansi miaka miwili, mwaka ulikuwa kitu kimoja. Mwanafunzi alihesabiwa kwa asilimia ya jumla: 50 ili apite, 70 kwa distinksyo, 80 kwa distinksyo kubwa. Asiyefika hata baada ya kipindi cha pili cha mitihani alirudilia mwaka mzima, ikiwa ni pamoja na masomo aliyopata pointi 16 juu ya 20. Watu wa Goma wanasema tu kudubule, na kila familia ina mjomba au dada mkubwa aliyedubule akaacha kabisa.

Mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora, ulikuwa tayari umeandikwa katika sheria ya elimu ya mwaka 2014. Lakini ulienea kweli baada ya mkutano mkuu wa elimu ya juu uliofanyika Lubumbashi mwezi wa tisa 2021, wakati Muhindo Nzangi alikuwa waziri. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza waliingia katika hesabu nyingine. Lisansi ni miaka mitatu na kredi 180. Kila mwaka una kredi 60, nusu yake kwa kila semesta. Ukipata 10 juu ya 20 katika kundi la masomo, kredi zake ni zako, na hakuna atakayekupokonya hata ukirudi nyuma. Mwenye kredi 60 anapanda. Mwenye 45 au zaidi anapanda pia, lakini na deni: masomo yaliyobaki atayalipa akiwa darasa la mbele. Aliye chini ya 45 anabaki pale alipo, arudilie yale tu aliyokosa.

Kwa karatasi, hii ni sheria nzuri kuliko ya zamani, tena hasa kwa mtoto wa eneo la vita. Haimlazimishi kusoma mara ya pili kitu alichokwisha kukijua.

Shida iko katika neno deni lenyewe. Anayedaiwa analipa tu ikiwa anaweza kufika dukani.

Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, familia yake inaishi upande wa Nyabiondo, amepata kredi 27 juu ya 30 katika semesta ya kwanza. Katika semesta ya pili mapigano yanafika kwao, anaondoka Goma kutafuta wazazi wake, njia inafungwa nyuma yake. Anarudi amechelewa, anafanya mitihani iliyobaki, anapata kredi 16. Jumla ni 43. Mwenzake wa meza moja, anayeishi mtaa wa Himbi na hakuondoka hata siku moja, amepata 45 kwa pointi za katikati tu. Huyu anapanda na deni la kredi 15. Yule wa 43 anabaki. Kati yao kuna somo moja la kredi 2.

Na somo la kredi 2 katika vyuo vya mashariki linaweza kumalizika ndani ya juma moja. Vyuo vingi vya huku vinategemea maprofesa wageni wanaotoka Kinshasa, Kisangani au Lubumbashi. Profesa anakuja, anafundisha asubuhi na jioni siku sita au kumi mfululizo, anaacha maswali ya mtihani, anarudi kwake. Mwanafunzi aliyekosa juma hilo hakukosa somo moja au mawili, amekosa yote. Kulipa deni hilo kunamaanisha kumngoja profesa yuleyule mwaka unaofuata. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwezi wa kwanza 2025, hata maprofesa nao kufika kumekuwa kazi ya siku nyingi.

Aliyepanda na deni naye hana raha. Somo la mwaka wa kwanza analodaiwa linaweza kuwekwa saa ileile na somo la mwaka wa pili. Anachagua moja, na anaandikwa hayupo katika lingine. Wakati mwingine anabaki kumfuata msaidizi wa profesa ofisini, siku baada ya siku, amuombe ampe kazi ya nyumbani badala ya mtihani. Wanafunzi wa kike wanajua vizuri mlango wa namna hiyo unaweza kuuliza nini. Kongo nzima inajua msemo wa pointi zinazoambukizwa kwa ngono, na kila deni linaongeza idadi ya milango ya kubisha.

Vyuo haviwezi kusema havijawahi kusimamisha saa. Mwezi wa tatu 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya Korona, kalenda ilisogezwa kwa nchi nzima. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Watu walilala Sake, Minova, Rutshuru na Bukavu. Hakuna mwalimu aliyeendelea kufundisha viti vitupu. Mwezi wa kwanza 2025 mji uliposhambuliwa na kuchukuliwa, masomo yalisimama tena kwa wote.

Yaani ajali ikipiga mji, kalenda inasogea. Ikipiga kijiji cha mwanafunzi, kalenda inaendelea, na mwanafunzi ndiye anayesogea.

Tarehe za Masisi ni nyingi, na karibu zote ziliangukia siku ambazo Goma ilikuwa inasoma. Mwezi wa pili 2024, mapigano kandokando ya Sake yalikata njia kati ya Goma na sehemu kubwa ya Masisi. Mwisho wa mwezi wa ine mwaka huohuo Rubaya, penye migodi ya koltani, ikachukuliwa. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 2025 ilikuwa zamu ya Masisi-centre. Goma yenyewe ilianguka zaidi ya majuma matatu baadaye. Katika majuma hayo matatu, mwanafunzi wa Masisi-centre alikuwa tayari hana simu ya nyumbani inayopokelewa, lakini ratiba ya masomo ilikuwa bado imebandikwa ukutani.

Kisha kuna pesa, na hapa wilaya hizi mbili hazifanani.

Mzazi wa Masisi anasomesha kwa maharagi, viazi, maziwa na ile jibini ya mviringo inayouzwa Goma kila pembe. Njia ya Sake ikifunga, bei inapanda Goma na inaanguka Masisi, kwa sababu mazao yanaoza mahali yalipovunwa. Mzazi wa Walikale anategemea mafuta ya ngazi, ndizi, au mtoto mwingine anayechimba kasiterite. Kutoka Walikale hadi Goma barabara ilikuwa mbaya muda mrefu kabla ya vita hii, ndiyo maana ndege ndogo zilikuwa zinatua Kilambo, juu ya barabara yenyewe, kubeba madini na watu. Uwanja wa Goma ulipofungwa, kamba hiyo pia ilikatika. Mabanki ya Goma nayo yalifunga tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Pesa ikapita kwa simu, ambako kila kutoa kunakatwa, na noti zikawa adimu mpaka makato yakapanda.

Hilo linagusa pointi moja kwa moja. Kabla ya kila kipindi cha mitihani mwanafunzi anapaswa kujiandikisha upya, na ili ajiandikishe lazima awe amelipa sehemu ya minervali iliyopangwa. Asiye na karatasi hiyo anatolewa ndani ya chumba cha mtihani, hata kama amefuata masomo yote bila kukosa. Kwa hiyo kuna wanaopata sifuri kwa sababu hawakuwepo, na wengine wanaipata wakiwa wamesimama nje ya dirisha. Anayebaki na kredi 43 atakutana tena na mlango huohuo mwaka unaofuata, na pale ambapo chuo hakihesabu ada kwa kredi, atadaiwa minervali kamili kwa kredi 17 tu.

Kwa kijana wa Walikale kuna mlango mwingine: Kisangani. Barabara ya taifa namba 3 inatoka Walikale, inapita Lubutu, inafika huko, na chuo kikuu chake kipo tangu 1963. Tangu Goma na Walikale zilipojikuta katika pande mbili za mstari wa vita, wazazi wana sababu ya kuangalia magharibi. Hapa ndipo LMD ingeonyesha faida yake, kwa maana kredi zimetengenezwa ili zisafiri: ulizopata Goma zinaweza kupokelewa Kisangani. Lakini zinasafiri juu ya karatasi ya pointi yenye sahihi na muhuri, inayotolewa na aparitorati ya chuo ulichotoka, na mara nyingi baada ya kumaliza malipo. Karatasi iko Goma. Mwenyewe yuko Walikale. Katikati kuna vizuizi vya watu wenye silaha.

Kuna kundi moja ambalo hata deni halikupewa. Ni wale wa mwisho wa mfumo wa zamani. Waliomaliza mwaka wa kwanza wa graduati mwaka 2020-2021 walikuwa wa mwisho katika vyuo vingi, na nyuma yao darasa liligeuka LMD. Kwa hesabu ya kawaida walipaswa kufika mwaka wa pili wa lisansi katika 2024-2025, mwaka uleule Goma ilipoanguka. Kwao kurudilia mwaka ni neno lisilo na mahali, kwa kuwa darasa la kurudilia halitafunguliwa tena. Anayekosa hapo anategemea chuo kimtafutie mlango wa kuingilia LMD, wapime masomo yake ya zamani yana thamani ya kredi ngapi, kisha aanze kujaza mapengo. Mtu aliyebakiza kitabu cha kumaliza masomo anaweza kujikuta amekaa tena na vijana aliowatangulia kwa miaka.

Dawa zinazoweza kusaidia si za ajabu. Juri katika vyuo vya Kongo lina mamlaka yake, na wanafunzi wanalijua neno hilo kwa moyo kwa kuwa kila mara linatumika kuwafungia mlango. Mamlaka hayohayo yanaweza kuweka alama nyingine mahali pa sifuri kwa mtu ambaye eneo lake lilikuwa kwenye mapigano, somo likabaki wazi bila kuhesabiwa kama kushindwa, mpaka afanye mtihani. Kipindi maalum cha mitihani kwa waliozuiwa, bila malipo mapya, kinawezekana. Mwalimu mgeni anaweza kuacha maswali ya akiba ndani ya bahasha. Mwalimu wa Goma anaweza kusimamia.

Kigumu ni uthibitisho. Nani ataandika kwamba mtoto huyu alikuwa Pinga au Nyabiondo siku fulani, na hakuweza kupita? Zamani barua ya chifu wa lokaliti au ya mkuu wa wilaya ilitosha. Leo kuna maeneo yenye watawala wawili, mmoja yuko pale na mwingine amekimbilia kwingine na muhuri wake. Barua yenye muhuri wa upande mmoja inaweza kumletea kijana maswali mazito kwenye kizuizi cha upande mwingine. Baadhi yao wanaona ni salama kuandikwa sifuri kuliko kukutwa na karatasi hiyo mfukoni.

Yule wa kredi 43, basi, anabaki mwaka wa pili. Anajua somo linalompungukia, anajua jina la profesa, daftari la mwenzake wa Himbi amelinakili lote kwa mkono. Kwenye ubao wa matangazo karibu na aparitorati, somo hilo limeandikwa katika semesta ya pili, pamoja na idadi ya saa na kredi zake mbili. Mahali pa tarehe pameachwa wazi, mpaka profesa apate njia ya kufika.