Uishipo ghorofani, tangi na karo ni vyako pia

Zamani mwenye nyumba alikijua kisima chake na choo chake, na kikiharibika alijua ni nani wa kukitengeneza. Leo Waislamu wengi wa Dar es Salaam wanaishi katika maghorofa ya Kariakoo, Upanga, Ilala na Kinondoni, kama walivyo ndugu zao wa Michenzani kule Unguja. Humo kila familia ina mlango wake na ufunguo wake, lakini maji wanayoyanywa na kutawadhia mara nyingi hutoka katika tangi moja, na maji machafu yao huishia katika karo moja.

Hapo ndipo penye mtihani. Ndani ya mlango sakafu inang'aa na pananukia udi. Lakini uliza katika jengo lako: tangi la juu lilioshwa lini? Karo lilinyonywa lini? Mara nyingi hakuna mwenye jibu, kwa sababu kila mmoja anadhani hiyo ni kazi ya mwenzake.

Mpaka wako hauishii mlangoni

Kwa Tanzania Bara, Sheria namba 16 ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo imeligawa jambo hili vizuri. Kuna sehemu ambayo mtu anaimiliki peke yake, na kuna sehemu ambazo wamiliki wote wanazimiliki kwa pamoja, nao wanatakiwa kuwa na chama chao cha kuzisimamia. Kenya nayo ilipitisha sheria mpya ya aina hiyo mwaka 2020.

Kwa lugha nyepesi, bomba la jikoni kwako, choo chako na sakafu ya bafu lako ni juu yako. Bafu lako likivujia dari la jirani wa chini, usimwambie apake rangi; tafuta fundi. Ama paa, ngazi, bomba kuu, pampu, tangi, karo na uwanja, hivyo ni vya wote. Na cha wote maana yake si kwamba hakina mwenyewe. Maana yake ni kwamba wewe ni mmoja wa wenyewe.

Waislamu tunao mfano wa jambo hili katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, ya watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wanazama wote. Wakizuiwa, wanaokoka wote. Ghorofa nalo ni jahazi.

Maji yanapita wapi?

Katika majengo mengi, maji ya bomba la mtaani huingia kwanza katika tangi la chini ya ardhi, kisha pampu huyapandisha hadi tangi la juu, ndipo yateremke majumbani. Tangi la chini ndilo la kuogopwa zaidi. Likiwa na ufa, na karo likiwa jirani limejaa, maji machafu hupenya ardhini na kuingia humo, hasa wakati wa mvua. Mfuniko uliovunjika nao hukaribisha mende, panya na maji ya mafuriko. Tusisahau kwamba kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi na kuingia mdomoni kwa njia ya maji na chakula.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Tumefundishwa kwamba maji yaliyobadilika rangi, ladha au harufu kwa sababu ya najisi hayafai kutawadhia. Hilo ni sahihi, nawe ukiona dalili hizo yaache na uwajulishe majirani mara moja. Lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa maangavu, bila ya harufu yoyote, na yakamlaza mtoto hospitali. Kwa hiyo maji ya kunywa chemsha au tia dawa, hata kama unayaona ni safi.

Namna ya kuosha tangi

Wengi wanaweza kukubaliana kuosha tangi kila baada ya miezi 6, na mara moja zaidi baada ya mafuriko au bomba kupasuka. Tangi litolewe maji yote na tope, kuta zisuguliwe kwa brashi na sabuni, kisha lisuuzwe. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, tangi hujazwa maji hadi robo, hutiwa gramu 80 za klorini ya unga kwa kila lita 1,000 za ujazo wake, kisha hujazwa kabisa, hufunikwa na kuachwa saa 24. Tangi la lita 5,000 basi litahitaji gramu 400. Maji hayo hayanywewi. Yanamwagwa yote, tangi linasuuzwa ndipo lijazwe upya. Wakazi watangaziwe mapema ili kila nyumba iweke akiba ya maji.

Tangi lifunikwe siku zote, na bomba la kumwagikia maji lizibwe kwa wavu. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga katika maji yaliyotuama karibu na watu, na huuma mchana.

Karo na jirani wa chini

Mafuta ya kukaangia, pampasi, pedi na matambara havitupwi chooni wala katika sinki. Vikiziba bomba kuu, aliyevitupa ghorofa ya nne haoni kitu. Uchafu unafumuka bafuni kwa jirani wa chini, pengine pale mtoto wake anapotambaa. Ni nani atakayeibeba dhima hiyo?

Ukisafiri na kufunga nyumba, mwombe mtu akumwagie maji kidogo katika choo na mifereji ya bafu kila baada ya wiki chache. Yale maji yanayobaki kwenye kiwiko cha bomba ndiyo yanayozuia harufu na mende wa karo. Na mchango wako wa mwezi uendelee, kwani paa na tangi havisafiri nawe.

Jambo jingine ni uhai wa mafundi. Msimwingize kijana ndani ya karo kwa sababu ya bei nafuu. Gesi iliyomo huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeruka kumwokoa naye hufa. Iteni gari la kunyonya maji taka. Hata anayeosha tangi la maji asiingie peke yake bila ya mtu wa kumwangalia nje.

Fedha ya mchango ni amana

Tuchukue mfano wa jengo lenye nyumba 16. Kila nyumba ikitoa shilingi 20,000 kwa mwezi, zinapatikana 320,000. Humo atoke mlinzi, mfagiaji wa ngazi, gari la taka na umeme wa pampu, na ibaki akiba ya karo na tangi. Wakigoma watano tu, pengo ni 100,000, na kinachoachwa kwanza huwa ni tangi, kwa kuwa halionekani.

Mtunza fedha abandike hesabu ubaoni kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Wengi hawakatai kuchangia; wanakataa kutojua fedha imekwenda wapi. Mpangaji na mwenye nyumba waandike katika mkataba ni nani kati yao anayelipa mchango huo. Na jirani aliyekwama kwa kweli, mjane au mgonjwa, wenzake wambebee kimya kimya bila ya kumwaibisha.

Ndugu msomaji, leo baada ya swala ya Isha gonga mlango wa jirani mmoja. Kubalianeni siku ya kupanda juu pamoja mkaufunue mfuniko wa tangi. Mtakachokiona kitawapa ajenda ya kikao cha kwanza.

Wabillahi tawfiq.